Fedha Zilizoombwa kwa Jina la Mfanyakazi

Mteja anayemaliza kula katika migahawa mingi ya mji wa San Francisco, jimbo la California nchini Marekani, huletewa hati ya malipo yenye mistari mingi kuliko alivyotazamia. Ipo bei ya chakula na vinywaji. Ipo kodi ya mauzo. Na upo mstari mwingine, wa asilimia 4 au 5, pengine zaidi, unaosema kwamba kiasi hicho kimeongezwa kwa ajili ya huduma ya afya ya wafanyakazi, au kwa ajili ya kutimiza masharti ya mji. Baada ya yote hayo mteja bado anatazamiwa kumwachia mhudumu bakshishi, ambayo kwa desturi ya Wamarekani ni sehemu kubwa ya hesabu, wala si hiari tupu kama tulivyozoea sisi.

Huenda mmoja wetu akauliza mambo ya walaji wa San Francisco yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu mji huo, kwa muda wa miaka karibu 20, umekuwa ukijibu mbele ya watu wote swali ambalo kwetu hujibiwa gizani: mtu anapoomba fedha kwa jina la mfanyakazi, fedha hizo ni mali ya nani? Mahakama zimelijadili swali hilo, baraza la mji limeligombania, na vitabu vya hesabu vimefunguliwa. Yaliyoonekana humo yanastahili kufikiriwa na kila mwamini aliyeajiri, na kila aliyeajiriwa.

Tuanze na chanzo chake. Katika nchi nyingi zenye utajiri, matibabu ya raia ni wajibu wa dola. Marekani ilifuata njia yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ilizuia mishahara isipandishwe ovyo, na waajiri, walipokuwa wakishindania wafanyakazi wachache waliobaki, wakaanza kuwavuta kwa kuwaahidi bima ya afya badala ya nyongeza ya mshahara. Baadaye sheria ya kodi ikaipendelea desturi hiyo, ikaota mizizi. Hivyo afya ya Mmarekani wa kawaida ikafungwa kwenye ajira yake: mwenye kazi nzuri ana bima nzuri, na mwenye kazi duni huachwa na bima duni au bila bima kabisa. Wazee na maskini sana waliwekewa mipango yao mwaka 1965. Walioachwa katikati ni wale wanaofanya kazi kila siku lakini kwa mwajiri asiyewakatia bima, na katika kundi hilo migahawa ilikuwa na watu wengi. Wapishi, waosha vyombo, wakata mboga na wahudumu, wengi wao wahamiaji, hufanya kazi kwa zamu fupi fupi na kuhama kutoka jiko moja hadi jingine. Mtu wa namna hiyo alipougua alivumilia hadi hali ikawa mbaya, ndipo akapelekwa hospitali ya umma, na gharama ikaangukia wakazi wote wa mji.

Mwaka 2006 baraza la mji wa San Francisco lilipitisha kwa kauli moja sheria ya ulinzi wa huduma ya afya, iliyoletwa na mjumbe Tom Ammiano na kutiwa sahihi na Meya Gavin Newsom. Sheria hiyo ilikuwa na miguu miwili. Mguu wa kwanza ulikuwa mpango wa mji uitwao Healthy San Francisco, ulioanza mwaka 2007, wa kuwapa matibabu wakazi wasio na bima bila kuuliza hati zao za uhamiaji. Mguu wa pili ulikuwa wajibu wa mwajiri. Kila mwajiri wa sekta binafsi mwenye wafanyakazi 20 au zaidi alitakiwa kutenga kiasi maalumu cha fedha kwa ajili ya afya ya mfanyakazi, kwa kila saa ambayo mfanyakazi huyo amelipwa. Mwaka 2008, wajibu huo ulipoanza kutekelezwa, kiasi chenyewe kilikuwa dola 1.17 kwa saa kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 hadi 99, na dola 1.76 kwa mwenye wafanyakazi 100 au zaidi. Tangu hapo viwango vimekuwa vikipanda. Mwajiri aliachiwa uchaguzi wa njia: anunue bima, au apeleke fedha katika mfuko wa mji, au afungue akaunti ya kumrudishia mfanyakazi gharama za matibabu. Njia hiyo ya tatu tuikumbuke, maana tutairudia.

Chama cha wenye migahawa wa mji huo hakikuikubali sheria. Kilikwenda mahakamani mwezi Novemba 2006, kikidai kwamba mji hauna mamlaka ya kuingilia mafao ya wafanyakazi, jambo lililowekwa chini ya sheria ya taifa ya mwaka 1974. Kikashinda katika mahakama ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2007. Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo mwaka 2008, na mwezi Juni 2010 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi. Ubishi wa kisheria ukaishia hapo.

Lakini tangu mwanzoni mwa mwaka 2008, kesi ikiwa ingali njiani, wenye migahawa wengi walikuwa wamekwisha kupata jibu lao wenyewe. Waliandika mstari mpya katika hati ya malipo.

Tusiwahukumu watu hao kwa haraka. Biashara ya chakula ni ngumu, faida yake ni nyembamba, na mwenye mgahawa hulipa kodi ya pango, nyama, gesi na mishahara kabla hajajua kama wateja watakuja. Aliyekuwa na wafanyakazi 25 alibanwa na sheria, na jirani yake mwenye 15 hakubanwa. Kama wa kwanza angepandisha bei katika orodha ya vyakula, mpita njia asiyejua sababu angeona tu kwamba hapa samaki ni ghali kuliko pale. Kwa kuandika tozo kando, bei ya samaki ilibaki palepale na mteja akaelezwa sababu ya nyongeza. Hoja hiyo ina uzito. Aidha, haikuwa siri kwamba baadhi yao waliuandika mstari ule kwa hasira, ili kila mlaji ajue wakuu wa mji wamefanya nini. Hata hilo tungeweza kulivumilia, kwa kuwa raia ana haki ya kunung'unikia sheria.

Lakini yafaa tuutazame mstari wenyewe na kujiuliza kwa nini uko peke yake. Hati ya malipo haina mstari wa kodi ya pango. Haina mstari wa riba ya mkopo wa benki, wala wa gari la mwenye mgahawa, wala wa faida yake. Gharama zote hizo zimo ndani ya bei ya samaki, kimya kimya, kama inavyostahili, kwa sababu hakuna mgahawa bila jengo, na hakuna anayefungua biashara asipate chochote. Je, upo mgahawa usio na mpishi? Afya ya mpishi imetolewa nje ya bei na kusimamishwa mlangoni kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. Mteja anayesoma mstari huo anafundishwa, bila neno kusemwa, kwamba nyumba na mkopo ni gharama za kweli za chakula chake, bali matibabu ya aliyekipika ni mzigo uliobandikwa na wanasiasa. Sisi tunaona kwamba somo hilo ni baya, hata kama kila senti ya tozo inafika inakotakiwa.

Na je, ilifika?

Tuchukue mfano wa kukadiria tu, kwa viwango vya mwaka 2008. Mgahawa una wafanyakazi 30 wa saa zote. Kwa dola 1.17 kwa saa, kila mmoja anastahili kutengewa takribani dola 2,400 kwa mwaka, na wote pamoja dola 72,000. Mgahawa huo unauza chakula cha dola milioni 2 na kutoza asilimia 4, hivyo unakusanya dola 80,000. Zimebaki dola 8,000. Tena si kila mfanyakazi alihesabiwa: wapo waliokuwa na bima kupitia ajira nyingine wakatia sahihi kwamba hawaihitaji ya mwajiri huyu, na wapo wapya ambao sheria ilikuwa bado haijawafikia. Tozo, hata hivyo, ilikatwa katika kila sahani iliyouzwa. Mteja aliyelipa dola 3 juu ya chakula cha dola 75 aliamini kwamba amechangia dawa za mtu fulani jikoni. Hakuwa na njia ya kujua.

Pengo kubwa zaidi lilikuwa katika ile njia ya tatu, ya akaunti za kurudishiwa gharama. Mwajiri alitenga fedha kwa jina la mfanyakazi, na mfanyakazi alipotibiwa alitakiwa kuleta stakabadhi ili alipwe. Fedha ambazo hazikudaiwa hadi mwisho wa muda zilirudi kwa mwajiri. Sasa fikiri, ndugu msomaji, juu ya muosha vyombo aliyehamia kutoka kijiji cha Mexico au cha kusini mwa China, asiyesoma Kiingereza, ambaye pengine hakupewa taarifa yenye kueleweka kwamba akaunti hiyo ipo, au aliyeambiwa kwamba inalipia mambo machache tu. Atadai nini? Takwimu zilizokusanywa na mji wenyewe zilionyesha kwamba mwaka 2010 waajiri walitenga dola milioni 62 katika akaunti za namna hiyo, na kwamba zilizowafikia wafanyakazi zilikuwa kama dola milioni 12. Dola milioni 50 zilibaki mikononi mwa waajiri. Akaunti hizo zilikuwa za waajiri wa aina nyingi, si wa migahawa tu. Lakini kwa mgahawa ambao ulikuwa umekwisha kumtoza mteja, maana yake ilikuwa chungu zaidi: mteja amelipa, mfanyakazi hakupata, na katikati yao fedha zimelala.

Jambo hilo lilipojulikana, mwaka 2011 mjumbe wa baraza David Campos alipendekeza kwamba fedha hizo zisirudi tena kwa mwajiri. Baraza lilimkubalia kwa kura chache za ziada, lakini Meya Ed Lee akaikataa sheria hiyo, akihofu kwamba ingeumiza ajira. Baada ya mabishano ikapatikana sheria ya suluhu, iliyoanza kutumika mwaka 2012. Fedha zilizotengwa zilitakiwa kubaki katika akaunti ya mfanyakazi kwa miezi 24 kabla ya kurudi. Na juu ya tozo za migahawa likawekwa sharti moja zito: mwajiri yeyote anayemtoza mteja kwa ajili ya afya ya wafanyakazi, akikusanya kuliko alichotumia, lazima ziada yote aitumie kwa afya ya wafanyakazi hao, wala hana ruhusa ya kuirudisha mfukoni. Kila mwaka atoe hesabu: amekusanya kiasi gani, ametumia kiasi gani.

Kwa lugha yetu ya Kiswahili sharti hilo lina jina la kale. Ni amana. Mtu aliyepokea fedha za mwenzake ili azifikishe kwa mwingine si mwenye fedha hizo hata kwa usiku mmoja, na mzee yeyote wa kijijini angeliamua shauri hilo bila kuita mwanasheria. Inashangaza kidogo kwamba mji mkubwa na wenye wasomi wengi ulihitaji kuliandika katika sheria.

Kilichofuata kilionyesha kwamba ulihitaji kweli. Mwanzoni mwa mwaka 2013 Mwanasheria wa Mji, Dennis Herrera, alitangaza uchunguzi juu ya migahawa iliyokusanya tozo katika miaka iliyotangulia bila kuzitumia zote kwa afya ya wafanyakazi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kumwambia mteja kwamba fedha ni za jambo fulani, kisha kuzitumia kwa jambo jingine, ni kumdanganya mteja. Aliwapa wahusika nafasi ya kujitokeza wenyewe na kulipa sehemu ya walichobakiza, na makumi ya migahawa yakafikia mapatano naye. Haifai kuwataja hapa. Wengine wao huenda walikosea kwa uzembe wa hesabu zaidi kuliko kwa tamaa. Hata hivyo aliyechelewa kutibiwa jino au shinikizo la damu hapati nafuu kwa kujua kwamba mwajiri wake alikuwa mzembe, si mwizi.

Mwaka 2014 baraza la mji likaliziba tundu lililobaki. Kwa hatua zilizopangwa, asilimia 60 ya fedha anazotakiwa kutoa mwajiri mwaka 2015, asilimia 80 mwaka 2016, na zote kuanzia mwaka 2017, ziwe fedha zisizorudishika. Zikishatoka zimetoka. Mfanyakazi asipozitumia leo, hazigeuki kuwa faida ya mwajiri kesho.

Mtu angedhani kwamba shauri limekwisha. Lakini sheria inaweza kumzuia mwajiri asichukue fedha, isiweze kumfikishia mfanyakazi habari. Fedha zinazopelekwa katika mfuko wa mji huwekwa kwa jina la mfanyakazi, naye hutakiwa ajiandikishe ili azitumie. Wapo wengi wasiojua kwamba wana kitu huko. Barua ilikwenda katika anwani ya zamani, au iliandikwa kwa lugha ya ofisi, au mtu alikwisha kuacha kazi na kuhamia mji mwingine. Hapa hatumwoni mkosaji wa kunyoshewa kidole. Tunaona tu kwamba haki iliyoandikwa katika karatasi ina safari ndefu ya kufika jikoni, na kwamba mtu wa kuisindikiza anahitajika: chama cha wafanyakazi, jirani anayesoma, na, kwa nini tusiseme, parokia.

Lipo jambo jingine ambalo wanaolalamikia tozo hulitaja mara chache. Mteja aliyechukizwa na mstari wa asilimia 5 mara nyingi hulipiza kwa kupunguza bakshishi. Anadhani anamwadhibu mwenye mgahawa, kumbe anamnyima mhudumu. Sheria ya California, tofauti na ile ya taifa, hairuhusu mwajiri kuhesabu bakshishi kama sehemu ya kima cha chini cha mshahara, na hilo ni jema. Katika majimbo mengine mengi mhudumu anaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiwango cha taifa kisichobadilika tangu mwaka 1991, na sehemu iliyobaki aitazamie kwa ukarimu wa walaji. Kwa hiyo mapambano ya nani alipe bima yanapiganwa juu ya meza ileile ambayo mhudumu anatafutia kodi ya chumba chake. Naye ndiye anayeileta hati mezani, akilazimika kueleza mstari ambao hakuuandika.

Katika miaka ya karibuni swali limehamia katika ngazi ya jimbo. Mwaka 2023 California ilipitisha sheria ya kukataza bei zenye nyongeza zilizofichwa: bei inayotangazwa iwe na kila tozo ya lazima ndani yake, kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Ilikusudiwa kuwabana wauza tikiti za tamasha, hoteli na wengine wa namna hiyo, lakini maneno yake yaliikamata migahawa pia, na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo ikathibitisha hivyo. Kwa muda mfupi ilionekana kwamba mstari wa afya ungefutwa, na afya ya mpishi ingeingia ndani ya bei ya samaki pamoja na pango na riba. Haikuwa hivyo. Siku chache kabla ya tarehe hiyo jimbo lilipitisha sheria nyingine iliyoiondoa migahawa katika katazo, kwa sharti kwamba tozo iandikwe wazi katika orodha ya vyakula pamoja na maelezo ya matumizi yake. Aliyeitia sahihi ni Gavin Newsom, yuleyule aliyekuwa meya mwaka 2006, sasa akiwa gavana. Na walioiunga mkono hawakuwa waajiri tu. Unite Here, chama cha wafanyakazi wa hoteli na migahawa, nacho kiliitaka, kwa kuwa zipo tozo za huduma ambazo kwa mapatano huwaendea wafanyakazi moja kwa moja, nao hawakupenda kuzipoteza.

Jambo hili la mwisho linatulazimisha kuwa waangalifu katika hukumu yetu. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, aliihesabu huduma ya afya miongoni mwa mambo anayostahili mfanyakazi pamoja na mshahara wake, akataka, kadiri inavyowezekana, impatie kwa gharama ndogo au bila gharama. Hakuandika ipitie mstari gani wa hati ya malipo. Mwajiri mwaminifu aweza kutoza kando na kufikisha kila senti, na mwajiri mdanganyifu aweza kuweka kila kitu ndani ya bei na asimkatie mtu bima. Kwa maoni yetu bei kamili ndiyo iliyo bora, kwa sababu inamhesabu mfanyakazi pamoja na mambo ambayo bila hayo hakuna chakula, na kwa sababu haimpi mtu kisingizio cha kuomba kwa jina la mwingine. Lakini anayechagua kuomba kwa jina la mwingine amejifunga mwenyewe. Hesabu zake si siri yake tena. Mteja ana haki ya kuziuliza, na mfanyakazi ana haki zaidi.

Kwetu Afrika Mashariki hati za malipo haziandikwi hivyo. Mlaji wa Nairobi husoma chini ya orodha ya vyakula kwamba bei ni pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, na juu ya afya ya mhudumu hakuna neno. Nchini Kenya, tangu mwezi Oktoba 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kwa ajili ya mfuko wa bima ya afya ya jamii, na mwajiri halazimiki kuongeza chochote cha kwake. Nchini Tanzania sheria ya mfuko wa bima ya afya ya mwaka 1999 iliwaanzia watumishi wa serikali, mtumishi akichangia asilimia 3 na mwajiri asilimia 3. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023. Mama lishe na wasaidizi wake wawili, mpishi wa hoteli ya kando ya barabara, kijana anayechoma nyama hadi usiku wa manane: hao ndio waosha vyombo wetu wa San Francisco, na wengi wao hawana mstari wowote mahali popote.

Walio na mstari, unapatikana katika hati ya mshahara, si ya chakula. Hapo ndipo uovu uleule unapoweza kuingia kwetu. Makato yameandikwa, mfanyakazi ameona kiasi kilichopungua, ameamini kwamba kimekwenda katika mfuko wa afya au wa pensheni. Anaugua, anakwenda dirishani hospitalini, anaambiwa kwamba michango yake haijaonekana. Sisi sote tumewahi kusikia habari kama hiyo, na baadhi yetu tumeisikia juu ya taasisi zenye msalaba juu ya paa. Mwajiri wa San Francisco alichukua kwa mteja kwa jina la mfanyakazi. Huyu wetu amechukua kwa mfanyakazi mwenyewe.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za fedha za parokia, wakuu wa shule, wasimamizi wa zahanati, hosteli na kumbi zetu za mikutano, waweke stakabadhi za michango ya bima na pensheni mahali ambapo mpishi, mlinzi na mfagiaji wanaweza kuziona kila mwezi bila kuomba ruhusa. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wanaojua kusoma taarifa hizo wakae na wasiojua, wawaonyeshe namba yao ya uanachama na mwezi wa mwisho uliolipiwa. Na kamati za sherehe zinapopatana bei na wapishi wa harusi au wa jubilei, zimuulize mwenye kazi swali moja kabla ya kuomba apunguze: katika bei hii, wasaidizi wako wamewekewa nini wakiungua na mafuta?

Palipo na miezi iliyokosekana, ilipwe kwanza. Maelezo yatafuata.